Ridhaa kwa Kiswahili, Matokeo kwa Kiingereza

Mtafiti wa maradhi anapofika katika shehia yoyote ya Unguja au Pemba, jambo la kwanza alifanyalo ni kubisha hodi kwa Kiswahili. Humwendea sheha akamweleza kusudio lake. Sheha huwaita wazee. Wazee huwaita wazazi. Kisha hutolewa karatasi iitwayo fomu ya ridhaa, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi ili pasiwe na neno la kumtatiza mtu. Ndani yake mzazi huelezwa kwamba mwanawe ataombwa mkojo katika kikopo, au choo kidogo, au tone la damu kutoka ncha ya kidole, kwamba hatalazimishwa, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote atakao. Mzazi akiridhika hutia saini, na asiyejua kuandika huweka dole gumba. Mpaka hapo Kiswahili kimetosha.

Miaka miwili, mitatu, pengine mitano baadaye, yale yaliyoonekana katika kikopo kile huchapishwa katika jarida la kitaalamu lililoko ng'ambo. Huchapishwa kwa Kiingereza, na si Kiingereza cha dukani wala cha skuli, bali kile ambacho hata Mwingereza aliyesoma hukisoma kwa kusitasita. Mtafiti hupanda daraja. Mfadhili hupata ripoti yake. Aliyetoa mkojo hapati kitu cha kusoma. Hapo Kiswahili hakitoshi tena.

Hoja ya makala haya ni moja: lugha iliyotosha kuombea ndiyo inayopasa kutumika kujibia. Uchapishaji wa utafiti wa vijidudu na maradhi yake, pale ambapo vijidudu hivyo vimetolewa katika miili ya watu wanaosema Kiswahili, haujakamilika mpaka matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yakapitiwa kwa Kiswahili, yakawekwa mahali ambapo wenyewe wanaweza kuyafikia. Huko si kuomba hisani. Ni kudai deni.

Itaambiwa kwamba wapo watafiti wanaorudi kwa masheha, wakakusanya watu chini ya mwembe na kuwasimulia yaliyopatikana. Wapo, na wanastahiki shukrani. Lakini mkutano ni upepo. Ukimalizika, kila mtu huondoka na alichokumbuka, na baada ya mwaka hapana anayeweza kusema kwa yakini nini kilisemwa. Kinachoandikwa ndicho kinachoweza kurejewa, kuulizwa na kupingwa. Watafiti wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wao hawatosheki na mikutano, bali huchapisha.

Na itazamwe ni nini hasa kinachofichwa na lugha. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kunywa dhidi ya kipindupindu katika maeneo ya Unguja na Pemba yaliyokuwa katika hatari kubwa. Kati ya wakaazi 48,178 wa maeneo hayo, 23,921, yaani takriban nusu yao, walikunywa dozi zote mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet linaloshughulikia maradhi ya kuambukiza. Yalionesha kwamba waliokunywa dozi mbili walipata kinga ya kadiri ya asilimia 79. Yalionesha pia jambo la pili, ambalo pengine ni kubwa kuliko la kwanza: hata yule ambaye hakunywa chanjo, akiwa anaishi miongoni mwa majirani wengi waliokunywa, naye hatari yake ilipungua. Kinga ya jirani ilimfikia.

Nani mwenye haja zaidi ya kulijua jambo hilo? Daktari wa Geneva analihitaji, hapana shaka. Lakini mwenye kuamua kama atakunywa dozi ya pili au ataiacha kwa sababu siku hiyo ana shughuli ya harusi ni mkaazi wa shehia. Yeye ndiye anayepaswa kusoma kwamba dozi yake si yake peke yake, bali ni ya mtoto wa jirani na ya bibi kizee aliye nyumba ya tatu. Huo ni ugunduzi ambao thamani yake yote iko katika kujulikana na watu. Kuuandika kwa lugha ambayo watu hao hawaisomi ni sawa na kuchimba kisima na kukifunika.

Mfano wa pili ni wa kichocho. Mradi mkubwa ulifanyika visiwani, na hatua zake zikatekelezwa kuanzia mwaka 2012 hadi 2016. Shehia 90, za Unguja 45 na za Pemba 45, ziligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Shehia zote zilipewa dawa ya praziquantel mara mbili kwa mwaka. Kundi moja liliishia hapo. La pili liliongezewa kazi ya kuua konokono wa maji baridi, wale wanaobeba kimelea cha kichocho. La tatu liliongezewa mafunzo ya kubadili mazoea, pamoja na sehemu za kufulia nguo na michezo ya watoto isiyokuwa ya mtoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Global Health. Kichocho kilipungua sana, lakini maambukizo hayakukatika. Na zile hatua mbili za nyongeza hazikuonesha tofauti ya wazi kuishinda dawa peke yake.

Hizo ni habari nzito. Walimu waliofundisha, kinamama waliobadilisha mahali pa kufulia, vijana waliokwenda mabondeni kutafuta konokono, wote hao wana haki ya kuelezwa kwamba jitihada yao haikuleta tofauti iliyotarajiwa. Wana haki pia ya kuuliza kwa nini. Pengine wao ndio wenye jibu: pengine mtu wa shehia ile anajua kwamba sehemu ya kufulia iliwekwa mbali, au kwamba watoto walikuwa wakienda bwawa jingine ambalo halikuandikwa katika ramani. Lakini asiyejua swali hawezi kutoa jibu. Utafiti huwapoteza wasomaji wake bora kwa kuwanyima maandishi.

Zingatio moja linafaa hapa. Makala yale ya kichocho hayauzwi. Yako wazi, mwenye intaneti na ayasome bure. Jambo hili lina uzito, kwa sababu kwa muda mrefu lawama zote zilielekezwa kwenye bei. Biashara ya majarida haya ni ya ajabu kweli: mwandishi halipwi, wapitiaji wanaoikagua kazi yake hawalipwi, kisha maktaba ya chuo kilekile cha mwandishi huuziwa kazi hiyo kwa bei ya kuvunja mgongo. Dhidi ya ukuta huo yamefanyika mengi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa Hinari ili vyuo na hospitali za nchi masikini zipate majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Yakafuata majarida yaliyo wazi kwa kila mtu, ambamo anayelipa ni mwandishi au mfadhili wake, kwa ada ambayo mara nyingi hufikia maelfu ya dola kwa makala moja. Ukuta wa fedha umetobolewa. Nyuma yake umesimama ukuta wa pili, na huo wa lugha haujaguswa.

Wala si kwamba wachapishaji hawajapata kufikiria lugha nyingine. Lipo jarida lililoanzishwa mwaka 2012 mahsusi kwa maradhi ya kuambukiza ya watu masikini, na kwa miaka makala zake ziliambatanishwa na mihtasari kwa lugha nyingine tano rasmi za Umoja wa Mataifa: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania na Kirusi. Wazo ni jema. Lakini tazama lilivyoangukia: msomaji wa Moscow, ambako kichocho hakiko, huwekewa muhtasari, msomaji wa Mkoani au Chaani, ambaye kichocho anakijua kwa mkojo wenye damu, hakuwekewa. Lugha zilichaguliwa kwa kufuata viti vya mkutano, si kwa kufuata maradhi.

Wako watetezi wa hali hii, na hoja zao zinastahili kusikilizwa moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza na kongwe ni kwamba Kiswahili hakina maneno. Ati sayansi ya vijidudu haisemeki kwa lugha ya tenzi na taarabu. Hoja hii ingekuwa na nguvu laiti historia isingeikanusha.

Mwaka 1872 tabibu James Christie, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliandika katika jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, juu ya homa iliyoenea mjini Zanzibar mwaka 1870, yenye vipele na maumivu makali ya viungo. Hakuwa na jina lake. Jina alipewa na wenyeji: kidinga pepo. Wazee walimwambia zaidi ya hapo, kwamba maradhi hayo hayakuwa mageni, kwani yalipita pia katika ujana wao, karibu nusu karne kabla. Wapo wanahistoria wa tiba wanaoona kwamba kutokana na kidinga ndiko lilikotoka neno dengue, ambalo leo linatumika duniani kote. Wapo pia wanaoona kwamba homa ya mwaka 1870 haikuwa dengue ya leo bali chikungunya. Iwe hivi au vile, maana haibadiliki, kwa sababu neno chikungunya nalo halikutoka Ulaya. Limetoka kwa Wamakonde, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, likiwa na maana ya kukunjika kwa maumivu; na taarifa za kitaalamu za mlipuko huo, zilizochapishwa mwaka 1955, zililichukua neno hilo kwa sababu hapakuwa na lililo bora.

Christie huyohuyo alitoa kitabu mjini London mwaka 1876 juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Kitabu hicho kingali kinarejewa na wanahistoria hadi leo. Njia ambazo kipindupindu kilipitia, kutoka mwambao hadi bara, na kutoka Bara Arabu hadi visiwani, alizijua kwa kuwauliza wafanyabiashara, mahujaji na wasafiri wa misafara. Maarifa yalikuwa yao. Maandishi yakawa ya Kiingereza. Mtindo ulianzia hapo, na miaka mia moja na hamsini haijaubadilisha: lugha za pwani zinatoshea kulipa ugonjwa jina na kusimulia njia yake, lakini hazitoshei kuandikiwa matokeo.

Na maneno yapo. Kichocho, matende, mabusha, safura, kipindupindu, surua, ndui, kifaduro, pepopunda: lugha iliyoyatenga maradhi kwa majina namna hii haikuwa imelala. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Hadubini, kimelea, chanjo, kinga na maambukizo ni maneno ambayo mwanafunzi wa skuli anayaelewa. Pale palipo na upungufu, na uundwe msamiati, kama walivyounda wengine. Kwani maneno ya Kiingereza yanayotisha watu yana asili gani? Bakteria ni neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti. Virusi ni Kilatini, na maana yake ni sumu. Jina la Kizungu la chanjo limetokana na neno la Kilatini la ng'ombe, kwa sababu chanjo ya ndui ilianzia na ndui ya ng'ombe. Kijiti, sumu, ng'ombe. Wataalamu wa Ulaya walichukua maneno ya shambani na jikoni kwa wazee wao, wakayatumia mpaka yakapata heshima. Heshima ya istilahi haitangulii matumizi, huyafuata.

Hoja ya pili ni kwamba sayansi ni ya dunia nzima, na dunia imekubaliana juu ya Kiingereza. Anayeandika kwa lugha yake atapotea. Hili lina ukweli ndani yake, na hapana sababu ya kuukana. Mtafiti wa Pemba anahitaji kusomwa na mtafiti wa Dhaka, na leo wanakutania katika Kiingereza. Waendelee kukutana huko. Makala haya hayadai Kiingereza kifutwe, bali kisiachwe peke yake.

Aidha, inafaa ikumbukwe kwamba elimu hii haikuzaliwa katika Kiingereza. Mtu wa kwanza kueleza vijidudu vya majini alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antoni van Leeuwenhoek. Hakujua Kilatini, ambacho ndicho kilikuwa Kiingereza cha zama zile. Mwaka 1676 aliandika barua kwa Kiholanzi cha nyumbani kwake, akaipeleka kwa chama cha wanasayansi cha London. Wale waungwana hawakumrejeshea barua yake wakimwambia akajifunze kwanza lugha ya wasomi. Katibu wao alitafsiri, na mwaka 1677 ikachapishwa. Wengi hawakuamini. Leeuwenhoek akapeleka shahada za watu waaminifu wa mji wake waliotazama wakaona. Na huko London Robert Hooke akayarudia majaribio mpaka na yeye akaviona. Ndivyo ilivyoanza elimu yote ya vijidudu: kwa barua iliyoandikwa katika lugha ya mwandishi, na mfasiri aliyefanya kazi yake. Baadaye Pasteur aliandika kwa Kifaransa, na Koch alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 alitangaza kwa Kijerumani. Waliotaka kujua walitafsiri.

Hoja ya tatu ndiyo yenye sura ya huruma, na kwa hiyo ndiyo mbaya zaidi. Husemwa kwamba watu wa kawaida wakipewa matokeo wenyewe watayaelewa vibaya. Watatishika, watazusha uvumi, wataikimbia chanjo. Heri wapewe mabango yenye picha na maneno machache: nawa mikono, chemsha maji, usikojoe mtoni.

Jibu lake limo katika yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2008, katika skuli za mkoa wa Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo ulizusha ghasia. Wazazi walisikia kwamba watoto wanapewa sumu, wakavamia skuli kuwatoa. Waliokuja kulichunguza jambo hilo walieleza sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha wanapewa nini watoto wao na kwa nini. Uvumi haukuzaliwa na wingi wa maelezo. Ulizaliwa na ukosefu wake. Na uchunguzi wenyewe uliolibainisha jambo hilo nao umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wazazi walioelezwa ndani yake kuwa hawakuelezwa, wangali hawajaelezwa.

Mabango hayatoshi kwa sababu bango huamrisha na haliulizwi. Bango la "chemsha maji" halimwambii mtu dawa ilifanya kazi kwa kiasi gani, kwa nani ilishindwa, na mtafiti mwenyewe ana shaka gani. Watu wazima wanaoweza kufuatana na masuala ya mirathi yenye mafungu ya thumni na sudusi hawashindwi kuelewa maana ya asilimia 79.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu wapenzi wa ushairi na wa fasihi ya pwani, ambao huenda mpaka sasa wamejiuliza limefikaje katika kurasa zao. Mapitio ya wataalamu, ambayo majarida ya sayansi huyaona kuwa ngao yao, si jambo geni katika utamaduni huu. Mshairi wa mwambao hakupata kutoa shairi likaachwa lipite tu. Alijibiwa. Alishikwa kwenye mizani, akasahihishwa vina, akatakiwa atoe ushahidi wa hoja yake, naye akarudi na jibu katika bahari ileile. Malumbano hayo yalifanyika hadharani, kwa lugha ambayo mvuvi na kadhi waliisikia sawasawa. Wanazuoni nao hawakuipokea habari mpaka waijue sanadi yake: fulani kaisikia kwa nani, na huyo nani alikuwa mwaminifu kiasi gani. Mtafiti anayetaja chanzo cha kila neno lake, na mpitiaji anayemuuliza amepataje alichopata, wanafanya kazi ambayo msomi wa pwani anaitambua kama kazi ya babu yake. Jumuiya yenye desturi hizi mbili haiwezi kuambiwa kwamba haina adabu ya kupokea hoja ya kielimu.

Hoja ya mwisho ni ya gharama. Nani atalipa? Atalipa yule anayelipa ada ya jarida. Mradi unaoweza kutoa maelfu ya dola ili makala moja ichapishwe ng'ambo hauwezi kudai kwamba umekosa ujira wa mfasiri mmoja mwenye ujuzi na wa mpitiaji mmoja anayejua maradhi na lugha. Mbona fedha ya kutafsiri fomu ya ridhaa ilipatikana? Ilipatikana kwa sababu bila fomu ile utafiti usingeruhusiwa. Kumbe swali si fedha, ni amri.

Basi madai ni haya, nayo si mengi. Kila makala ya kitaalamu inayotokana na damu, mkojo, choo au makohozi ya watu wa visiwa hivi na ichapishwe pamoja na maelezo yake kamili kwa Kiswahili. Yasiwe kauli mbiu, bali kurasa kadhaa zenye swali lililoulizwa, njia iliyotumika, hesabu zilizopatikana, kilichoshindikana, aliyelipia kazi, na majina ya watafiti walewale waliotia saini ile ya Kiingereza. Maelezo hayo yapitiwe na mtaalamu anayesoma Kiswahili kabla hayajatoka, kama inavyopitiwa makala yenyewe. Nakala ziwekwe skuli, vituo vya afya na ofisi za masheha wa mahali sampuli zilikotolewa. Kamati za maadili, ambazo leo hazitoi kibali mpaka zione fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, zisitoe kibali mpaka zione ahadi ya matokeo kwa Kiswahili. Na vyuo viyahesabu maandishi hayo katika kumpandisha mwalimu daraja, maana mtu hafanyi kwa moyo kazi ambayo mwajiri wake haihesabu.

Madai haya yana msingi hata katika kanuni ambazo watafiti wenyewe wamejiwekea. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, lilisema wazi katika marekebisho ya mwaka 2013 kwamba wote wanaofanyiwa utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake ya jumla. Kujulishwa kwa lugha isiyoeleweka si kujulishwa. Asiyekubali hilo na ajaribu kupeleka fomu ya ridhaa ya Kirusi katika shehia ya Kengeja, aone kama kamati yoyote ya maadili itampitishia.

Wakati huohuo Kiswahili kinatukuzwa kila upande. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya lugha yake rasmi mwaka 2019. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba Julai 7 ni siku yake duniani. Umoja wa Afrika ulikipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Kila Julai hotuba husomwa na mashairi hughanwa. Lugha haipati heshima kwa kupigiwa makofi siku moja ya mwaka. Inaipata pale mtu anapoihitaji kwa jambo linalohusu uhai wake na kuikuta iko tayari. Mshairi anayeisifu lugha katika beti kumi angeitumikia zaidi kama angekaa jioni moja na mtaalamu wa maabara, wakatafuta pamoja neno zuri la kinga ya jirani.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watafiti wamekuja, tangu enzi za Christie hadi leo, na wenyeji wamewafungulia milango, wakawapa majina ya maradhi, njia za maradhi, na mwisho maradhi yenyewe ndani ya vikopo. Sehemu yao ya msemo huo wameitimiza. Sehemu ya pili bado inadaiwa, na haitalipwa kwa karatasi ambayo mwenyeji hawezi kuisoma.